Niliziba Kengele ya Mbwa wa Papa Siku ya Noeli

Nina miaka hamsini na miwili, ni mama wa watoto watatu, na ninakaa Kabondo, hapa Kisangani, katika nyumba ileile ambayo Papa aliijenga kwa mikono yake alipokuwa bado anaona.

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Haya ninayoandika sijawaambia hata watoto wangu... Wao wanajua kwamba babu yao alikuwa kipofu na kwamba alikuwa na mbwa, basi. Lakini Noeli inakaribia, na Bonane, Mwaka Mpya, inakuja nyuma yake. Nimeona niseme sasa, kabla watu hawajaanza kupika na kuacha milango wazi kwa ajili ya wageni.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Uhuru ulikuwa bado mpya, miaka michache tu, na uasi ulikuwa umekwisha kutupitia. Niliishi na Papa peke yetu. Mama alikuwa amefariki zamani.

Papa alikuwa mwindaji wa upande wa Banalia kabla ya kuhamia mjini. Macho yake yaliharibiwa na ule ugonjwa wa nzi wa mtoni. Kwanza aliona ukungu, kisha akaona vivuli tu, na mwisho hakuona kitu. Kutoka porini alikuja na mali moja aliyoipenda kuliko zote, nayo ni mbwa wake. Alimwita Kapita, kwa sababu alipenda kutangulia mbele ya watu kama msimamizi wa kazi.

Kapita alikuwa mbwa wa msituni, mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mbwa wa aina ile habweki. Ndiyo, habweki kabisa! Ndiyo maana wawindaji wa kwetu humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kumsikia anapofukuza nyama vichakani. Wakiwa njiani, na hawataki mnyama ashtuke, huijaza kengele majani ikanyamaza. Wakifika mahali pa kuwinda huyatoa yale majani na kumwachia mbwa aende.

Papa alipopofuka, aliibadilishia kengele ile kazi. Kapita alitangulia, kolo-kolo-kolo, naye Papa akafuata sauti. Walikwenda hivyo kanisani, sokoni, kwa marafiki kunywa kidogo, na kurudi. Hakushika kamba, maana kwa wawindaji wa kwao mbwa wa kuwinda hafungwi kamba hata siku moja. Hakushika fimbo pia. Nilimletea fimbo nzuri siku moja, akanirudishia.

"Fimbo iko ya kipofu," aliniambia. "Miye niko mwindaji."

Ukaidi wa yule mzee! Lakini hakuanguka hata mara moja. Mtaa mzima uliijua kengele ile. Kapita akipotea kidogo, akina mama walimsikia anakopita, wakamrudisha nyumbani wakicheka.

Ng'ambo ya ua wetu alikaa Papa Saidi, fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia za zamani zilizokuja na biashara enzi za mababu. Cherehani yake ilikaa barazani, hatua chache tu kutoka kwenye ua. Yeye na Papa walikuwa marafiki tangu mimi mtoto. Walitaniana kuanzia asubuhi.

"Mbwa yako itaniharibia sala, Antoine!" Papa Saidi alipiga kelele Kapita alipomkaribia na pua yake mbichi. "Na ile kengele! Siku moja nitaiziba na bitambaa byangu, nilale kidogo muchana!"

Papa alicheka mpaka akakohoa. Sote tulijua kwamba huyo huyo Papa Saidi alimwekea Kapita mifupa katika bakuli la peke yake, nyuma ya nyumba yake.

Sasa nifike kwenye uasi. Mume wangu, Célestin, alikuwa karani wa ofisi moja kule Makiso. Alijua kuandika na alivaa tai. Hayo yalitosha! Waasi walikuja kumchukua asubuhi, chai yake ikiwa mezani. Walisema ataulizwa maswali mawili matatu kisha atarudi. Ile chai niliiacha hapo mpaka jioni, halafu nikaimwaga. Hakurudi tena.

Watu wanadhani mwanamke akipoteza mume analia mpaka macho yanavimba. Mimi sikulia. Kitu fulani ndani yangu kilizimika tu. Nilipika, nilifagia, nilimwosha Papa miguu, na yote hayo niliyafanya kama vile mikono ni ya mtu mwingine. Ungenichoma sindano wakati ule, nadhani ningekwambia asante.

Miezi ile ya njaa, Papa Saidi ndiye aliyetulisha. Alipitisha mchele na sombe ya majani ya muhogo juu ya ua bila kuombwa, na hakutaja jambo hilo mbele ya mtu. Nawaomba mkumbuke hilo mtakaposoma yanayofuata.

Kisha wanajeshi wa serikali waliurudisha mji. Waasi walikimbilia msituni. Ilipofika Desemba, barabara zilikuwa na vizuizi, na makamio, yale malori ya kijeshi, yalipita mbio mchana kutwa. Watu walisema, "Tumepona, tufanye Noeli." Tumepona? Mimi sikujua nimepona nini.

Hapo ndipo akaingia Alphonse.

Alikuwa mtu wa duka moja la mjini. Alikuwa na pikipiki, na nywele zake alizipaka mafuta. Aliniambia mimi ni mzuri. Najua mnacheka... Chekeni! Lakini mtu aliyekufa ganzi akiguswa, hata na mwongo, anageuza kichwa. Alisema atanioa, atanipeleka mji mkuu kwa meli, tuanze maisha mapya. Nilimwuliza, na Papa je? Akasema, "Papa pia," haraka mno, akaanza kuzungumza habari nyingine.

Kitu kimoja tu hakukipenda nyumbani kwetu, nacho ni kengele ya Kapita. Alikuja mara mbili, na mara zote mbili alishika kichwa.

"Hii kelele ya musitu, mu nyumba ya watu?" aliniambia. "Chérie, Noeli nitakuja kula kwako. Lakini miye na ile kengele, hapana!"

Je, mtu mwenye akili angejibu nini? Angesema, basi usije. Mimi nilisema, usijali, nitapanga.

Asubuhi ya Noeli Papa alikwenda misa pamoja na Kapita, wakarudi. Akakaa kwenye kiti chake, akavua viatu, akaniita.

"Mutoto, leo ufunge mulango ya lupango. Sikukuu njo siku ya kupoteza mbwa. Basoda watalewa, watapiga bunduki mu hewa. Unasikia?"

"Ndiyo, Papa."

Sikuufunga mlango ule wa ua. Nitasema ni kwa nini, ingawa naona haya mpaka leo. Nilitaka majirani waione pikipiki ya Alphonse ikiingia kwangu! Nilitaka wale walionong'ona juu yangu, eti mjane ambaye hata haijulikani kama ni mjane, waone nina mgeni wa maana. Kwa hiyo nikauacha mlango wa ua wazi kabisa, na nikaegemeza jiwe usijifunge.

Papa Saidi alipita kwenye mlango huo huo kuniletea gauni langu. Siku ile haikuwa sikukuu yake, lakini alikuwa ameshona tangu alfajiri ili nisikose cha kuvaa. Gauni lilikuwa la kitenge cha maua ya njano. Alinipa pia karatasi iliyofungwa, ndani yake vipande vilivyobaki.

"Chukua mabaki yako yote, mama. Watu wasiseme fundi Saidi iko anaiba kitambaa. Bonne fête!"

Nilimshukuru. Akaenda zake.

Mara alipoondoka nilimwita Kapita nyuma ya jikoni. Alikuja mara moja, akakaa mbele yangu, akaweka kidevu chake juu ya goti langu. Nilitazama huku na huku nitafute majani, sikuona ya karibu. Nikafungua ile karatasi. Nikaanza kusukuma vipande vya kitenge ndani ya kengele, kimoja, cha pili, cha tatu, kwa kidole, mpaka ulimi wake usiweze kucheza.

Na yeye Kapita? Hakukataa. Alinitazama tu, na mkia wake ukaanza kutikisika. Tangu akiwa mdogo, kengele ikizibwa, safari ya kuwinda imeanza. Maskini, alifikiri nampeleka porini! Hilo nalo sikulisikia moyoni wakati ule. Niliosha mikono, nikavaa gauni.

Alphonse alikuja saa sita. Majirani waliona. Tulikaa barazani kwetu, nikampa kuku wa mwamba, wa mchuzi wa mawese, samaki, wali, na bia baridi. Papa alikaa upande wake wa meza, sahani mapajani, ameinamisha kichwa kidogo kama alivyofanya kila anapotega sikio.

"Kapita iko wapi? Simusikie."

"Amelala, Papa. Ameshiba."

Uongo wa kwanza ulinitoka kama salamu! Kapita alikuwa amesimama uani, karibu na mlango, akimngojea Papa ainuke waende kuwinda.

Ndipo bunduki zikalia barabarani. Hazikuwa za vita, zilikuwa za furaha. Basoda, wale wanajeshi, walikuwa wamekunywa na walikuwa wanaipigia Noeli risasi, ta-ta-ta-ta-ta! Lakini nani alikuwa na masikio ya kutofautisha furaha na vita mwaka ule? Watoto wa jirani walipiga yowe. Alphonse, na pikipiki yake na mafuta yake, aliingia chini ya meza! Kisha akatoka akicheka kwa sauti, akanishika mkono.

Na sasa naandika kile ambacho sijapata kukisema kwa mdomo. Nilimwona Kapita akikimbia. Nilimwona kwa macho yangu akitoka mlangoni, tumbo karibu na ardhi, mkia umelala. Ningeita jina lake mara moja tu angerudi. Sikuita! Alphonse alikuwa ameshika mkono wangu, na mimi nikasema moyoni, atarudi mwenyewe.

Papa alisimama. Alipiga ulimi, ile sauti ya mwindaji ya kumwita mbwa. Akangoja. Akapiga tena. Akaanza kuzunguka ua, mkono mmoja kwenye ukuta, akisimama kila hatua mbili kusikiliza. Nilimwona na sikuinuka. Nilimmiminia mgeni bia. Papa akapita mlango uliokuwa wazi bila kujua kwamba ameupita, akaanguka kwenye mfereji wa barabarani.

Aliyeruka ua kumwinua alikuwa Papa Saidi. Alimfuta matope kwa kanzu yake mwenyewe, akamshika mkono, wakaondoka pamoja. Mchana ule wote walizunguka Kabondo, kipofu na rafiki yake, na ungemsikia yule Mwislamu mtu mzima akimwita mbwa kwa jina katika kila njia, "Kapita! Ee, Kapita!" Hawakumpata. Kila mtu aliyeulizwa alisema, hapana, hatukusikia kengele.

Alphonse alimaliza chupa yake na kuondoka. Alisema chakula kilikuwa kizuri.

Kesho yake asubuhi alikuja Mama Véro, anayeuza samaki, kutoka upande wa daraja la Tshopo. Alikuwa na beseni kichwani, na halikuwa na samaki. Kamio la kijeshi lilikuwa limemkanyaga Kapita barabarani. Mama Véro aliliweka beseni chini mbele ya Papa na kusema pole. Aliona ajabu, alisema, alilala karibu kabisa na barabara ile na hakusikia hata kengele ikilia.

Papa alipiga magoti. Mikono yake ilianza puani, ikapita masikioni, mbavuni, miguuni, taratibu, kama vile anamkagua mnyama aliyemwua mwenyewe. Hakulia. Kisha ikarudi shingoni, ikaishika kengele, akaitikisa. Haikutoa sauti.

Aliingiza kidole. Akavuta kipande cha kwanza, akakipapasa kati ya vidole viwili. Akavuta cha pili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama maua ya njano yakitoka moja baada ya jingine, na sikusikia kitu moyoni.

"Hii si majani," alisema Papa. "Mwindaji anatia majani. Hii iko bitambaa... Bimekatwa na mukasi."

Akavikusanya kiganjani.

"Saidi alifika hapa jana asubuhi?"

Wasomaji, mngejibu nini? Angalieni jinsi Shetani alivyonirahisishia! Hakunidai uongo. Alinidai ukweli mmoja tu, mdogo, niliokuwa nao tayari mdomoni.

"Ndiyo, Papa," nilisema. "Alifika."

Huko kwao Papa, kwa wawindaji, mtu akiziba kengele ya mbwa wa mwenzake ni kama amemwambia mwenye mbwa, potea porini ufe. Huli naye chumvi tena. Wala humsalimu, naye hakanyagi kwako, mpaka wewe mwenyewe umfungulie. Nililijua hilo vizuri. Nililijua kabla ya kufungua mdomo.

Papa Saidi alikuja saa ileile, na sepetu begani. Alikuwa amesikia habari, akaja kumzika mbwa wa rafiki yake. Papa hakumjibu salamu. Alinyoosha mkono wenye vile vipande.

"Saidi. Hii iko kazi ya mashine yako?"

Papa Saidi alichukua kipande kimoja, akakigeuza. Kisha akainua macho. Gauni langu lilikuwa limeanikwa kwenye kamba nyuma yangu, maua ya njano, linachuruzika maji. Alilitazama. Halafu akanitazama mimi. Ee Mungu wangu, sitasahau macho yale! Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananingojea.

Alijua! Alijua yote pale pale, na mimi nilijua kwamba amejua. Nilitazama chini, nikakaza macho kwenye miguu yangu.

"Ndiyo, Antoine," alisema mwishowe. "Iko ya mashine yangu."

"Basi usivuke tena mulango yangu."

Aliegemeza sepetu kwenye ua, akatoka. Mimi ndiye niliyemzika Kapita, kwa sepetu yake hiyo hiyo.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia, Bonane ipite kwanza, mzee apoe. Januari Alphonse alipanda meli na mwanamke mwingine. Mama Véro ndiye aliyeniletea habari, akanitazama usoni aone kama nitaanguka. Sikuanguka. Nilimwuliza samaki wake ni wa leo au wa jana.

Na Papa akakaa. Ndivyo ninavyoweza kulisema, alikaa. Hakwenda tena misa wala sokoni. Nilijaribu kumwongoza kwa mkono, akasema ninatembea mbio. Nilimletea tena fimbo, akaiweka chini ya kitanda. Mtu aliyekuwa anavuka Kabondo nzima bila kujikwaa, sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Alichobaki nacho kilikuwa sauti ya cherehani ng'ambo ya ua. Aliisikiliza kuanzia asubuhi. Wakati mwingine aliniuliza, "Saidi iko anashona nini leo?" Nikasema sijui. Cherehani ikisimama katikati ya kazi, Papa aliinua kichwa na kutega sikio, na ilipoanza tena aliinamisha. Wazee wawili, ua mmoja katikati, na hakuna aliyemsemesha mwenzake karibu mwaka mzima! Na mimi napita katikati na ndoo yangu ya maji.

Msidhani nilikuwa silali kwa majuto. Nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha ninapokumbuka. Ganzi ile iliyonijia Célestin alipochukuliwa ilikuwa imenifunika mpaka juu, na nilianza kuiona kama blanketi.

Kabla ya Noeli iliyofuata Papa alishikwa na kifua. Mchana mmoja nilikuwa ninamnywesha uji, akaushika mkono wangu wenye kijiko.

"Mutoto, unawaza Saidi alifanya vile kwa ubaya ao kwa muchezo?"

Mnaona? Mlango ulifunguliwa wenyewe! Tulikuwa wawili tu. Alikuwa mtulivu, hana hasira hata kidogo. Nilihitaji maneno matatu tu, ni mimi, Papa. Yalifika mpaka kwenye meno.

"Kwa mchezo, Papa," nilisema.

Aliuachia mkono wangu.

"Alors, ningemusamehe," alisema. "Hata ingekuwa kwa ubaya ningemusamehe. Mbwa iko mbwa. Lakini ilikuwa lazima anifikie yeye mwenyewe, aniambie, Antoine, ni miye. Mbona hakuja?"

Nilimpa kijiko kingine cha uji. Akakinywa. Alifariki siku ya tatu.

Siku ya maziko watu walijaa. Nilipotoka kuwapokea waimbaji nilimwona Papa Saidi amesimama nje, kwenye jua, upande wa pili wa mlango wa ua. Amevaa kanzu safi. Watu walimpita, wengine wakamwambia aingie, akatikisa kichwa.

Nilimwendea. Nikamwambia, Papa Saidi, ingia, tafadhali.

"Mwenye nyumba alinikataza, mama. Hajanifungulia bado."

Hapo, baada ya karibu mwaka mzima, ile ganzi ikapasuka. Nilianguka miguuni pake mbele ya watu wote. Nilisema ni mimi. Nilisema niliziba kengele kwa ajili ya mwanamume ambaye leo simkumbuki hata sura. Nilisema nisamehe, nisamehe, sijui mara ngapi. Nililia kwa ajili ya Papa, na Célestin, na mbwa, yote kwa pamoja, na sikuweza kunyamaza.

Aliniacha nilie. Kisha akaniinua.

"Nilijua siku ileile," alisema taratibu, wengine wasisikie. "Kile kitambaa nilikikata na mikono yangu. Lakini kama ningesema ni weye, angekufukuza. Kisha nani angemupikia? Miye niko na bibi, niko na watoto. Yeye alikuwa na weye tu."

"Papa Saidi..."

"Lakini nilikungojea, mama. Kila siku nilikuwa ninasimamisha mashine, ninasikiliza ng'ambo ya ua kama unamwambia."

Nilirudia tena kumwomba msamaha. Akauondoa mkono wangu kwenye kanzu yake, kwa upole, kama anavyoondoa uzi.

"Kwangu hakuna deni. Mwenye kuombwa iko ndani, mu sanduku."

Tulipolitoa jeneza alifuata nyuma, mbali kidogo na watu wote. Hakuingia kwetu siku ile wala siku nyingine yoyote, mpaka naye alipofariki. Hakunichukia. Alinisalimu kila asubuhi kutoka barazani kwake, nilipoolewa tena aliuliza habari za watoto wangu walipozaliwa, akawashonea nguo. Afadhali angenitukana!

Basi, wasomaji wenzangu, sikukuu zinakuja. Mna mbwa, mna paka, wengine mna kasuku au nyani mdogo kwenye kamba. Fungeni milango ya ua kabla wageni hawajafika. Bunduki na fataki zikilia, mnyama wenu awe ndani, karibu na mtu anayemjua. Msimvue kengele wala kitu chochote ambacho watu wanamtambua nacho, na mgeni asiyempenda mnyama wenu mwambieni aje siku nyingine, au asije kabisa. Anayekuja kula chakula chenu mara moja asiwapangie nyumba.

Na kama mmekwisha kukosa, kama kuna mtu leo amebeba kosa lenu na ninyi mnamwona akilibeba, msingoje sikukuu ipite. Msingoje apoe, wala msingoje mpaka mlie. Mimi niliyengoja nimejua kwamba machozi hayaji kwa wakati. Nendeni leo, jamani, mseme, ni mimi. Mimi nilikuwa na karibu mwaka mzima, na kutoka jikoni kwangu hadi kwenye kiti cha Papa zilikuwa hatua kumi.